Mchi wa Mwanajuma

Watu wa Mbegani wakisema wifi yangu Mwanajuma alifuga jini la mali, mimi huwacheka. Jini la mali gani, na mwenyewe ana kanga jozi moja, na makuti ya nyumba yake yanavuja kila masika? Alifuga chatu. Chatu wa kweli, wa kula panya na kulala, kiumbe cha Mungu kama viumbe vingine. Nayajua haya kwa sababu nyumba yangu na yake zilitazamana, ua mmoja, na kwa sababu ni mimi, Ashatu, niliyesema chatu yule aondoke. Wala sijutii. Nikiulizwa leo nitasema lile lile. Lakini mtu kuwa na haki hakumzuii kulia.

Mwanajuma aliolewa na ndugu yangu Rajabu akitokea Mkange, ng'ambo ya mto Wami, alikolelewa na mjomba wake Mwinyijuma. Alikuja mwembamba, mpole, mwenye salamu ndefu. Akishika mchi mlio wake ulikuwa sawasawa toka mwanzo hata mwisho, mpaka mama yetu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu wakwe, akasema huyu amefunzwa. Rajabu alikuwa akikausha nazi kwa tanuri ziwe mbata, katika shamba la minazi nyuma ya nyumba zetu, kazi ya moshi na macho mekundu. Walipendana wale. Yaliyowapata yangevunja ndoa ya watu wengine mara tatu.

Watoto hawakukaa. Wa kwanza hakumaliza arobaini. Wa pili alishajua kuketi mwenyewe, akashikwa na homa, akaenda. Alipozaliwa wa tatu, msichana, tukafanya kama wafanyavyo watu wetu kwa mama ambaye watoto wake hawakai. Siku ya kumtoa nje tukamlaza jaani, juu ya majivu na maganda ya mihogo, kana kwamba tumemtupa. Mimi nikapita kama mpita njia. Nikasema kwa sauti, "Loo, nani ametupa takataka hii?" nikamwokota, kisha nikamuuzia mama yake kwa pishi ya mtama. Tukamwita Hapendwi, ili mauti yakilisikia jina lile yasimtamani. Kumbe mauti hayachagui majina. Hapendwi alifika kutambaa, na asubuhi moja degedege likamchukua, hata uji haujatokota.

Baada ya hitima Mwanajuma aliendelea na kazi zake. Alipika, alifagia, alijibu salamu, lakini ukimtazama uliona mtu anayesubiri siku ziishe. Ndugu yangu alikuwa akija kwangu, anakaa kizingitini, kisha anarudi kwake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa mwaka ule Wazungu walipoanza vita vyao vya pili.

Ndipo jirani yetu Mwishehe, mkwezi wa minazi, alipolichoma moto lile jaa kwa sababu ya siafu. Mwanajuma alikuwa kando, ameshika ungo wake. Kutoka chini ya majani yanayofuka moshi akatoka mtoto wa chatu, urefu wa mkono, anang'aa kama kitu kilichopakwa mafuta, akanyooka moja kwa moja mpaka kwenye miguu yake. Mwishehe aliinua fimbo. Mwanajuma akainama, akamkinga kwa ungo.

"Wifi," nikamwambia, "huyo ni chatu."

"Najua."

"Anakua huyo. Hivi unavyomwona, sivyo atakavyokuwa."

"Ndicho ninachokitaka, wifi," akasema. "Nataka kitu kikue mikononi mwangu. Kimoja tu." Nikamwacha akaingia naye ndani.

Alimweka kwanza katika chungu kikuukuu chenye mchanga chini, akakifunika kwa kawa na juu ya kawa akaweka jiwe. Rajabu alimletea vipanya kutoka ghala la mbata, ambako panya hawakosekani. Nadhani mwanzoni ndugu yangu alifanya vile kumridhisha mkewe tu, lakini nilimwona siku moja amechutama mbele ya chungu, anacheka peke yake. Chungu kikawa kidogo. Wakamhamishia katika debe la mafuta ya taa ambalo Rajabu alilitoboa kwa msumari ili apate hewa. Debe nalo likawa dogo. Wakamtia katika tenga la kuku, akalisukuma kwa kichwa mpaka likafumuka, tukamkuta amejizungusha kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Sikunywa maji kwao mwezi mzima.

Basi Mwanajuma akalifungua sanduku lake la arusi. Ndani mlikuwa na nguo za wale watoto watatu, zimekunjwa, zimetiwa karafuu. Alizitoa moja moja, akazipanga katika kikapu, akatandika gunia ndani ya sanduku, akamlaza chatu wake. Rajabu alisimama mlangoni akitazama. Aliporidhika kwamba kazi imekwisha alitoka nje akaenda kuchochea tanuri, ingawa tanuri lilikuwa halihitaji kuchochewa.

Jina hakumpa. Alisema majina amekwisha kuyajaribu. Sisi tulimwita "yule wa Mwanajuma", na yeye alimwita "mwenzangu".

Sitawadanganya kwamba nilimpenda. Nilimwogopa, na nilipita mbali na dirisha lile. Lakini niliona nilichokiona. Kila alipotaka kujivua gamba macho yake yaliingia ukungu, akawa mkali, na Mwanajuma akamwandalia maji ya vuguvugu katika beseni ili ngozi ilainike. Akishajivua, lile gamba Mwanajuma alilitandaza kitandani, akaleta lililotangulia, akayalaza sambamba. "Njoo uone, wifi! Tazama alivyoongezeka!" Alinivuta mkono kama msichana. Uso ule nilikuwa sijauona tangu siku aliyoingia nyumbani kwetu na ubani na vigelegele.

Siku moja chatu alimng'ata. Mwanajuma alikuwa ametoka kunyonyoa kuku, akapeleka mkono sandukuni kubadilisha gunia, na yule akaushika mkono akidhani ni kuku. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Rajabu, ambaye anafikiri polepole lakini akifika amefika, alikaa akawaza, kisha akasema, "Hajui mkono upi ni mkono na upi ni chakula. Mpe alama. Kabla ya kumlisha, twanga. Usipotwanga, ajue ni wewe tu."

Mama yetu, Mungu amrehemu, alitukanya tangu utotoni tusitwange kinu kitupu. Alisema kinu kitupu huita kisichoalikwa. Mwanajuma akawa anakiweka kinu kando ya sanduku, anatwanga kitupu, mdundo mkavu unaopita chini kwa chini mpaka miguuni kwako, kisha ndipo anampa. Baada ya muda chatu alijifunza. Mchi ukilia alinyanyua kichwa akasubiri. Mchi usipolia, Mwanajuma angeweza kumpapasa mgongo, kumnyanyua, kumlaza mapajani, asimguse. Hakumng'ata tena. Sote wawili tukamsifu Rajabu kwa akili ile, hata mimi.

Sanduku nalo likajaa. Ulipoingia msimu wa kusi chatu akaacha kula. Upepo ulikuwa baridi, naye alijikunja pale kama kamba iliyolowa, hata mchi ukilia hanyanyui kichwa. Mwanajuma aliacha kula vile vile. Nilimkuta analia. "Ndivyo walivyoanza wale," akaniambia. "Kwanza hawali." Rajabu aliposikia maneno hayo alikwenda mikokoni kukata boriti. Akajenga kibanda cha udongo ambacho ukuta wake wa nyuma uliegemea tanuri la mbata, ili joto lipenye humo kutwa kucha. Akatia ndani gogo la kujikwaruzia, pipa alilolikata nusu likajazwa maji, na mlango wa mbao wenye komeo kwa nje. Akaezeka makuti mapya, wakati nyumba yake mwenyewe inavuja. Chatu alipoonja joto lile hakukawia, akala kuku mzima.

Alikaa humo miaka. Akawa mnene kuliko paja langu. Watu wakaja kumchungulia, wakaenda kusema. Mara amefuga jini, mara lile joka ndilo lililowala wanawe, kana kwamba watoto hawakutangulia kufa kabla ya joka kuja. Niligombana na nusu ya wanawake wa kisimani kwa ajili ya mambo hayo. Mtu wa kumsema wifi yangu ni mimi, si wao.

Mwaka ule nguo zilipokuwa za shida, kila mtu amevaa viraka, mimi nilikuwa nimejaliwa binti, Tabia. Mume wangu alikuwa Dar es Salaam, kazi ya bandarini, na mtoto nilimlea ua ule ule. Mwanajuma alimbeba, alimwogesha, alimwimbia. Hakumwonea kijicho hata siku moja, nami nilikuwa nikimtazama kwa makini, maana binadamu ni binadamu.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilikuwa natwanga mahindi. Tabia alikuwa mkekani karibu na miguu yangu, anatambaa, anachezea pumba. Komeo la kibanda lilikuwa limevimba kwa mvua, halikufunga vizuri. Niligeuka kuchukua ungo nikamwona yule wa Mwanajuma anakatiza ua. Hakuwa na haraka. Alikuja kichwa chini, moja kwa moja, kama mtu aliyeambiwa chakula tayari. Akafika, akaegemeza kichwa kwenye kinu changu, akautoa ulimi, akamgeukia mwanangu.

Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Hata mchi sikuweza kuuangusha. Mwanajuma alitoka jikoni mbio, akaingia katikati, akamnyakua Tabia akanitupia mikononi, kisha akamkumbatia chatu kwa mikono miwili. Yule akajizungusha kiunoni kwake kama alivyozoea. Tukabaki tumesimama, mimi na changu, yeye na chake.

"Mwondoe," nikasema nilipopata sauti.

"Hajamfanya kitu, wifi. Amesikia mchi tu. Anadhani kila mchi ni wangu."

"Na hapa Mbegani kuna michi mingapi? Wewe umezika watatu. Unataka nami nizike?"

Maneno makali, lakini niliyasema, na yalikuwa kweli. Mwanajuma alikaa chini palepale na mzigo wake. Hakunikasirikia, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Jioni Mwishehe alikuja na wanaume wengine. Walimwamkia Rajabu kwa heshima, wakaketi, wakasema walilokuja kusema: ama joka liondoke, ama walimalize kwa mapanga. Rajabu akawaomba wampe mpaka Ijumaa ipite. Wakampa.

Mwanajuma mwenyewe ndiye aliyechagua mahali. "Mpelekeni Mkange," alimwambia mumewe. "Mbele ya shamba la mjomba kuna kijito, na kando ya kijito kuna mkuyu ulioanguka. Tangu utoto wangu hakuna anayelima pale. Mwenzangu hawezi kukaa penye kinu, na pale hapana kinu." Kisha akasema, "Na mjomba asijue. Akijua kuna chatu hatalala mpaka amwinde." Tukakubali, maana ilikuwa kweli. Nani angefurahi kuambiwa mkwe wake amemtupia chatu karibu na shamba lake?

Wakashona magunia mawili pamoja, wakamtia akiwa ameshiba, wakamning'iniza kwenye mti wa kubebea begani, Rajabu mbele na Mwishehe nyuma. Yule Mwishehe aliyekuja na panga ndiye aliyejitolea kumbeba, na ninamhesabia hilo. Kivukoni Ruvu, kabla ya kufika Wami, mwenye mtumbwi aliuliza wamebeba nini kizito namna ile. Mwishehe akajibu kwamba ni bomba la mashine ya Mhindi. Waliporudi Rajabu alinieleza mimi peke yangu kilichotokea huko. Walimfungua kando ya mkuyu wakamwaga nje. Alinusa majani, akazunguka kidogo, kisha akarudi kuingia ndani ya gunia. Wakamtoa tena, akarudi tena. Mwishoni wakaliacha gunia palepale, wakaenda zao bila kutazama nyuma.

Mwanajuma alikifagia kile kibanda, akajaza maji pipani, akakifunga. Tanuri likaendelea kukitia joto hakina mtu.

Mwaka wa pili mpunga ulipokuwa unaiva, Mjomba Mwinyijuma alituma salamu. Mkewe, Bi Sihaba, hawezi, vijana wameandikwa askari, mpunga utaliwa na ndege. Mwanajuma aje asaidie kuvuna. Rajabu hakuweza kuliacha tanuri, akaniomba nimsindikize mkewe. Nikamfunga Tabia mgongoni, tukaenda kwa miguu, tukilala njiani kwa jamaa. Njia nzima Mwanajuma alikuwa mchangamfu, nami nilijua kwa nini. Alikuwa akisogea karibu naye.

Tulipofika tukampa mzee shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akampakata Tabia. Alikuwa mtu mkubwa wa mifupa, mvi tupu, mwenye kicheko cha kusikika mbali. Kisha akatupeleka kuona mpunga. Serikali ilikuwa imewaamuru watu waongeze mashamba kwa ajili ya vita, na mzee akatii kuliko wote. Pori lote alilolijua Mwanajuma lilikuwa limefyekwa. Mpunga ulifika mpaka kwenye kijito. Ule mkuyu ulioanguka sasa ulikuwa mpaka wa shamba, na hatua chache kutoka pale mzee alikuwa amejenga kibanda cha wavunaji. Mbele ya kibanda kulikuwa na kinu kipya, hakijatiwa nafaka.

"Wanawake watatwangia hapahapa," mzee akasema kwa majivuno. "Kesho tunaanza."

Mwanajuma alikitazama kinu kile, kisha akautazama mkuyu. Tulipobaki wawili alinishika mkono.

"Wifi, kesho wakianza kutwanga atakuja."

"Labda alikwisha hama," nikamwambia. "Labda alikufa."

"Akiwa hai atakuja. Na watamwua." Akafikiri. "Akiwa ameshiba haji. Akila kuku mmoja mkubwa au wawili analala siku nyingi, hata umpigie ngoma. Mavuno yatakwisha hajaamka. Leo, mzee akienda kusali adhuhuri, nitamlisha."

Ungenisikia nikimkataza ungesema huyu Ashatu ana akili. Lakini sikumkataza. Jambo lenyewe lilikuwa na maana, na uso wake ulikuwa ule wa kutandaza magamba kitandani. Nikamwambia tu awe mwepesi. Alinunua kuku wawili kwa jirani, akasema ni wa kupeleka Mbegani, akawaficha chini ya kanga, akaenda.

Nikabaki uani na Bi Sihaba na Tabia, nachambua kunde. Wanaume walikuwa msikitini. Nikausikia mchi. Kwa mtu mwingine ni kinu tu, lakini mimi niliujua ule mdundo mkavu wa kinu kitupu. Bi Sihaba, aliyelala kitandani, akanyanyua kichwa, akauliza, "Nani anatwanga na mpunga haujavunwa?" Nikasema sijui. Mchi ukaendelea kidogo, ukapumzika, ukaendelea. Kisha ukanyamaza moja kwa moja, nami moyoni nikasema, amekuja. Na nitaapa mbele ya yeyote, mimi niliyemfukuza, nilifurahi.

Mzee hakukawia msikitini. Alikuwa na wasiwasi na ndege, akapita njia ya mkato na panga lake mkononi, akatokea upande wa kibanda. Alichokiona, nimesimuliwa naye mwenyewe mara nyingi. Mpwa wake, mtoto aliyemlea yatima, ameketi chini karibu na kinu, na joka nene kama mnazi mchanga limemlalia miguuni, limebana kitu manyoya yanapeperuka. Mkono wa mpwa wake uko juu ya mgongo wa joka, naye hakimbii. Mzee akadhani mpwa wake amekwisha.

Nilisikia sauti ya Mwanajuma ikiita, "Mjomba! Mjomba!" Nikamweka Tabia kitandani kwa Bi Sihaba, nikakimbia. Alikuwa akimwita aache. Mzee alidhani anamwita amwokoe, na kadiri alivyoita ndivyo mzee alivyozidi kukata. Alikuwa mzee, na joka lile lingeweza kumgeukia yeye, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Ule ulikuwa ushujaa. Sitamvunjia heshima kwa kusema vingine.

Nilipofika yalikuwa yamekwisha. Yule wa Mwanajuma alikuwa na kuku mdomoni bado, hakuwahi kummeza. Alikuwa amekua tena tangu kutoka kwetu. Kwa mbali, chini ya mkuyu, niliona kipande cha gunia kilichooza.

Mzee alikuwa anahema, ameshika magoti, machozi yanamtoka. "Mshukuru Mungu, mwanangu," akasema. "Ningechelewa kidogo tu, ningekuja kumwambia nini Rajabu?"

Nikamtazama Mwanajuma. Damu ilikuwa imemrukia kanga mpaka kifuani. Niliona neno linapanda mpaka kooni mwake. Kama angelisema, angesema pia kwamba ni yeye aliyemleta chatu shambani kwa mtu aliyemlea, mahali wajukuu wa mzee yule wanapooga kijitoni. Akalimeza. Akapiga magoti, akaushika mkono wa mjomba wake, ule ule uliokuwa na panga, akaubusu.

"Ahsante, mjomba," akasema.

Habari ilienea kabla hatujafika nyumbani. Wanaume walilikokota joka mpaka uani, wakalinyoosha, wakagombania nani amewahi kuona kubwa kuliko lile. Wakaanza kuchuna ngozi. Mzee akatoa amri kwamba hapana kwenda shambani tena siku ile, ila kukata mpunga wa sadaka. Pafanywe sadaka, watu wasome dua, wale wali, maana binti yake ameokoka mdomoni mwa mauti. Wanawake wakaja na vigelegele. Wakamketisha Mwanajuma kwenye kitanda cha kamba katikati ya ua, wakamwosha miguu, wakamfukiza ubani, wakampaka mafuta mazuri kama bibi arusi. Kila aliyefika alimpa mkono na kusema, "Hongera, bibi, hongera ya uhai." Naye kila mmoja alimjibu, "Tumshukuru Mungu." Alikuwa na adabu, nimekwisha sema, amefunzwa. Nilitamani siku ile angekuwa amefunzwa vibaya.

Mpunga wa kwanza wa shamba ukaletwa, ukaanikwa kidogo juani, na wanawake watatu wakashika michi. Mdundo wa kwanza ulipopiga nilimwona Mwanajuma ananyanyua kichwa haraka, anatazama upande wa kijito. Akatazama kwa muda. Kisha akayarudisha macho chini, pale wanaume walipokuwa wanaipaka ngozi majivu.

Aliniita kwa kidole. Nikainama.

"Wifi," akaninong'oneza, "nilie wapi mimi?"

Mahali hapakuwapo. Kila upande palikuwa na mtu anayemfurahia. Wale wengine watatu tuliwalilia pamoja, kwa mikeka na matanga, na majirani wakaleta vyakula. Huyu aliyekua hakuwa na hata mlango wa kufunga ili aliliwe ndani. Mimi ni mtu wa maneno, Mungu kanipa ulimi, basi nikautumia. Nikasimama nikapaza sauti: "Jamani, mtu huyu kaingiwa na hofu! Hofu ikikaa kifuani inaua. Mwacheni alie, itoke!"

Wakaniona nina busara. Bi Sihaba, mgonjwa vile alivyo, akajikokota mpaka kitandani, akamvuta Mwanajuma kifuani kwake. Na Mwanajuma akalia. Sijapata kusikia kilio kile, si kwa Hapendwi wala kwa wale waliomtangulia. Wanawake walilia naye, wengine wanacheka kwa machozi, na michi inaendelea kutwanga.

"Lia, mwanangu," Bi Sihaba alimwambia, anampapasa mgongo. "Lia sana, wala usiogope. Limekwisha kufa."

Wali ulipoiva wakampakulia yeye kwanza. Akanawa mikono, akasema bismillahi, akala mbele yao mpaka wakaridhika.